Wapenda kutembea porini Moshi na Arusha: simu inakuonyesha ulipo, haikuonyeshi korongo lililo mbele yako

MgumuWaKibosho:

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimeuweka kwa ajili ya vijana wa hapa Moshi na ndugu zetu wa Arusha ambao siku hizi kila Jumamosi mnatoka kwenda porini. Maporomoko ya Materuni, Longido, Monduli, makorongo ya Weruweru na Karanga, mnaenda kote. Nafurahi sana kuona hivyo. Kwa miaka mingi tuliuacha mlima uwe wa wageni, sisi tukabaki kubeba mizigo yao. Leo mtoto wa Majengo anavaa buti zake anapanda kwa raha zake mwenyewe. Hilo ni jambo la kulilinda, na ndiyo maana naandika.

Kuna tabia imeingia. Mtu anafungua ramani kwenye simu, anaona kamstari kembamba kanakata msitu, anawaambia wenzake "njia ipo, twendeni". Hajamuuliza mtu wa kijiji kile. Nyumbani hawajui ameelekea wapi. Chaji iko nusu, na bado anarekodi video njia nzima. Mimi kazi yangu ni mlima, nilianza kwa kubeba na sasa naongoza wageni, na watu wa namna hiyo tunakutana nao msituni saa kumi na moja jioni wakiwa wamesimama wanageuza simu huku na huku. Simu naitumia hata mimi. Ninachotaka ni tujue inakosea wapi, kwa sababu wengi wanadhani hatari ni moja tu, mtandao kukata.

Mtandao ndiyo shida ndogo kuliko zote. Simu inasikiliza setilaiti za GPS zilizoko juu, kama kilomita 20,200 kutoka tulipo, na haihitaji bando kujua iko wapi. Ramani ukiipakua mapema utaiona hata pasipo na mnara. Hapo sawa.

Sasa ukisimama viwanja vya Mashujaa, anga wazi, simu nzuri itakuweka ndani ya mita 5 hivi. Ingia msitu wa kusini mwa Kilimanjaro, majani yameloa, ukuta wa korongo kulia na kushoto. Mawimbi yale yanagonga kuta kabla ya kuifikia simu, nayo inapiga hesabu ya safari ndefu kuliko ilivyo. Kidoti kinaanza kuruka. Kinakuweka ng'ambo ya mto wakati wewe uko huku. Mita 30 kwenye barabara ya Boma Ng'ombe si kitu. Mita 30 juu ya ukingo wa Umbwe ni tofauti ya kusimama kwenye udongo na kusimama hewani.

Halafu simu inaona nchi kama meza. Wote tunaoishi huku tunajua upande wa kusini wa Kilimanjaro ulivyo: mgongo, korongo, mgongo, korongo, na mito inashuka kati yake. Simu inakwambia unakokwenda ni mita 700. Mita 700 hizo ni za hewani. Kwa miguu ni kushuka umeshika mizizi, kuvuka maji, kisha kupanda upande wa pili ukiwa umeloa hadi magotini. Nimeona watu wametumia saa mbili kwa umbali ambao simu iliwaahidi dakika kumi.

Kuhusu muda kuna kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892, na inafaa kuikariri: saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo kilomita 6 zenye kupanda mita 900 ni karibu saa 2 na dakika 40. Hiyo ni kwa mtu mwenye pumzi, njia nzuri, bila kupumzika na bila kupiga picha. Ukiwa na kundi la ofisini, fanya saa 4. Na huku kwetu karibu na ikweta giza haliji taratibu. Jua likizama kwenye saa kumi na mbili na nusu, ikifika saa moja ndani ya msitu huoni mzizi ulio mbele ya kiatu chako.

Betri nayo. Fikiria kazi ulizoipa betri moja: ramani ni hiyo, tochi ni hiyo, kamera ni hiyo, na ya kuomba msaada ni hiyo hiyo. Ikizima, vyote vinne vimezima kwa mpigo. Na baridi inaila. Apple wenyewe wanasema simu yao imetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 35. Usiku wa kwenda kilele cha Uhuru ni chini ya hapo sana, na tunaona simu yenye asilimia 40 inazima ghafla mgeni akiitoa mfukoni kupiga picha. Hata huku chini, kwenye ukungu na manyunyu, kioo kikilowa hakisikii kidole. Unagusa hapa, kinafungua pale.

Lakini linaloniuma zaidi ni la mwisho. Mtu anayefuata kidoti hatazami njia. Angalia mgumu mzoefu, yaani mbeba mizigo wa mlimani, akifika njia panda. Anasimama kidogo, anageuka nyuma kabisa, anaangalia alikotoka. Kwa nini? Kwa sababu njia wakati wa kurudi ina sura nyingine. Mti uliokuwa kulia sasa uko kushoto, na vijia viwili uliovipita bila kuviona sasa vimekukodolea macho. Anaweka alama kichwani: gogo lililokatwa kwa shoka, jiwe lenye ukoga, mimea ya masale kwenye mpaka wa kihamba (shamba la nyumbani la Wachagga) cha mwisho. Mwenye simu hana hata moja kati ya hizo. Wajapani walilipima jambo hili. Mwaka 2008 Toru Ishikawa na wenzake walichapisha utafiti wao: watu walitembezwa mjini, wengine kwa GPS, wengine kwa ramani ya karatasi, wengine baada ya kuonyeshwa njia. Wa GPS walitembea umbali mrefu zaidi, walisimama mara nyingi zaidi, na walipoambiwa wachore walikopita michoro yao ilikuwa mibovu kuliko ya wenzao. Na hapo ni mjini, kwenye lami.

Kwa hiyo simu ikizima porini, aliyekuwa anaifuata hajui hata alikotoka. Anaanza upya katikati ya msitu, na mara nyingi ni jioni.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu wa Meru, Hanang na Usambara leteni ya huko.

Binti_Soweto_Moshi:

Nimekaa siti ya mbele. Hilo la kugeuka nyuma kwenye njia panda sijawahi kulisikia popote, na naona kabisa lina maana. Asante mkuu.

ChaliiWaSakina:

Mkuu heshima yako, ila hapa naona unatisha watu. Mimi natembea na simu muda wote, ramani nimepakua, pawabanki ninayo, Longido nimepanda, Monduli nimezunguka, sijawahi kupotea. Teknolojia imekuja kurahisisha. Halafu tuseme ukweli, waongoza watalii mnalinda ugali wenu. Mkisema simu haifai, maana yake tuwalipe nyinyi. Kijana wa Sakina anayejichanga nauli ya Hiace na maji ya kunywa, pesa ya mwongozaji anaitoa wapi?

MgumuWaKibosho:

Chalii wangu, nakujibu kwa heshima maana umesema wazi.

La ugali kwanza. Kilimanjaro na Meru ziko ndani ya hifadhi, mwongozaji ni lazima, na Meru unatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Ugali wangu uko huko. Huku nje ya hifadhi nakozungumzia hakuna anayenilipa, na wala sisemi mtuite sisi. Ongeeni na kijana wa kijiji kile mnachopita. Ataridhika na kidogo, na anajua mvua ya juzi imebomoa wapi. Nakubali kabisa kwamba gharama ni shida kwa vijana wetu na haipendezi mtu akazuiwa kuuona mlima wa kwao kwa sababu ya mfuko.

La "sijawahi kupotea" ndilo linanipa wasiwasi zaidi. Umekwenda siku nzuri, kwenye njia zilizokanyagwa, na simu ikakubaliana na njia. Hapo hujui ni nani alikuwa anakuongoza, simu au njia yenyewe.

Nikupe mfano wa mbali. Julai 2021 taasisi mbili za Scotland, John Muir Trust na Mountaineering Scotland, zilitoa onyo kwa watu wanaotumia Google Maps kwenda Ben Nevis. Mlima ule una mita 1,345 tu, yaani chini hata ya geti la Machame. Ramani ilikuwa inawapeleka watu kwenye maegesho ya magari yaliyo karibu na kilele kwa umbali wa hewani, na kutoka hapo inaonyesha mstari wa nuktanukta hadi juu. Walisema kuupita ule mstari ni hatari hata kwa wazoefu, kwa sababu unapita kwenye mwinuko mkali wenye mawe. Kwenye mlima mwingine wa huko, An Teallach, njia ya kutembea kwa miguu ilikuwa inampitisha mtu kwenye genge. Google baadaye wakaahidi kurekebisha. Sasa hiyo ni Uingereza, nchi ambayo kila kichaka kimepimwa. Huku kwetu nani amelipima korongo la Kikafu ili akwambie pitia hapa?

Na Novemba 2023 huko British Columbia, Kanada, waokoaji wa North Shore Rescue waliomba njia iliyokuwa kwenye ramani ya simu iondolewe kwa sababu haikuwepo kabisa ardhini. Mtu alikuwa ameifuata hadi akanasa kwenye genge, ikabidi helikopta imtoe. Njia ikafutwa.

Mchora_Ramani:

Naomba niongezee hapo, maana mimi ni mmoja wa wale wanaochora.

Programu nyingi za kutembea mnazotumia huku zinachukua ramani ya OpenStreetMap. Hiyo ni ramani ya kujitolea, ilianza mwaka 2004, na mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuchora. Ni kazi ninayoipenda na imeweka vijiji vyetu vingi kwenye ramani ambavyo havikuwepo. Ila mjue mstari unazaliwaje. Kuna njia mbili. Ya kwanza, mtu amekaa mezani, pengine nchi nyingine kabisa, anaangalia picha ya setilaiti na kufuata alama anayoiona. Kwenye mbuga kavu inaonekana vizuri. Kwenye msitu wa Meru au Kilimanjaro anaona vilele vya miti tu, anachofanya ni kukisia. Anaweza kuchukua mfereji, mpaka wa shamba au mkondo wa maji akaona ni njia. Ya pili, mtu ametembea na simu ikarekodi, kisha akapandisha. Yule alikuwa nani? Labda mwindaji wa asali. Labda naye alikuwa amepotea siku hiyo. Mstari hausemi.

Na mstari hauzeeki. Njia iliyorekodiwa Januari kavu, masika ikipita Machi hadi Mei, inaweza kufunikwa na majani marefu hadi kifuani, na kwenye skrini bado iko pale pale. Kuna sehemu ya kuandika ugumu wa njia na kama inaonekana ardhini, lakini wachoraji wengi wanaiacha wazi. Ninachowaomba: gusa mstari uone umeandikwa nini. Kama hauna jina wala maelezo yoyote, uchukulie kama tetesi. Na ukifika ukakuta hakuna njia, rudi uripoti tuufute.

NyotaYaTengeru:

Habari zenu wote. Nimesoma nikakumbuka yetu.

Tulikuwa kundi la kwaya, tulikwenda maporomoko upande wa mlima Meru, wakubwa na watoto. Aliyetuongoza alikuwa na mstari kwenye simu aliotumiwa na rafiki yake. Mwanzo njia ilikuwa nzuri, tunapita kwenye migomba, watu wanatusalimia. Kisha njia kubwa ikakata kushoto, mstari ukasema nyooka. Tukanyooka. Mvua ya vuli ikaanza. Baada ya muda tukawa tunasikia maji yakianguka, tukashangilia tumefika. Tulikuwa tumefika kweli, ila tumefika juu ya maporomoko, pembeni kabisa, ardhi inateleza, na wale watoto walitangulia mbio. Nilimshika mmoja gauni. Kiongozi anagusa simu haijibu, maji yamejaa kwenye kioo, anaifuta kwa shati lililoloa.

Aliyetutoa ni mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe. Alitusikia tunabishana. Alikuja na mzigo wake kichwani, hakuuliza mengi, akasema tu "huku wanapita nyani", akatugeuza. Dakika ishirini tukawa kwenye njia kubwa.

Sasa swali langu kwa mtoa mada. Kina mama tunaenda na watoto, hatuwezi kuwa wataalamu wa dira. Tufanye nini cha kawaida kabisa?

MgumuWaKibosho:

Pole sana dada, na Mungu ashukuriwe kwa yule mama.

Pale njia kubwa ilipokata kushoto na mstari ukasema nyooka, ndipo pa kusimama. Njia iliyokanyagwa na mstari wa simu vikigombana, amini miguu ya watu. Njia haitengenezwi na mtu mmoja. Wanakwenda shambani, wanakwenda kanisani, wanachota maji, na hawapiti kwenye hatari kila siku kwa miaka. Kama bado una wasiwasi rudi hadi nyumba ya mwisho uliyoiona, uulize. Na uulize vizuri, usiseme "hii njia inaenda maporomoko?" maana mtu muungwana atakujibu ndiyo ili asikukatishe tamaa. Sema "nyinyi mkienda maporomoko mnapita wapi?"

Kwa watoto, mmoja mkubwa mbele, mmoja nyuma, na hakuna anayempita wa mbele. Kila mtoto filimbi shingoni. Filimbi tatu, kimya, filimbi tatu. Sauti ya binadamu kwenye korongo lenye maji haifiki popote, filimbi inafika. Tochi ya kichwani iwe yake peke yake, msitegemee ya simu. Na saa ya kugeuza ipangwe nyumbani, kabla hamjaanza kuona raha.

Kingine kinachosahaulika: acha karatasi nyumbani. Tunakwenda wapi, tunaanzia kijiji gani, tuko wangapi, tukirudi tutapiga simu saa fulani, isipopigwa mtafuteni mtu fulani wa kijiji kile. Ujumbe wa simu kwenye grupu lenye watu mia mbili haufai, kila mmoja atadhani mwingine ameuona.

MzeeWaKidia:

Vijana hamjambo. Nami nimeelekezwa huu uzi na mjukuu.

Kuna jambo moja nalisikia sana, kwamba ukipotea mlimani fuata maji yatakufikisha kwa watu. Huo ushauri unaua huku kwetu. Mito ya mlima huu haishuki kwa adabu. Inashuka kwa maporomoko, na katikati ya poromoko na poromoko kuna kuta ambazo huwezi kurudi juu wala kwenda chini. Mtu anashuka la kwanza kwa kuruka, la pili haliwezi, na la kwanza hawezi kulipanda tena. Tumewahi kumvuta mtu kwa kamba sehemu kama hiyo.

Ila ukikuta mfongo, hiyo ni habari nyingine. Mfongo ni mfereji uliochimbwa na wazee, umetoka mtoni juu, unatembea pembeni mwa mgongo kwa mteremko mdogo sana, hadi kwenye vihamba. Hauna poromoko, maana waliuchimba ili maji yasikimbie. Ukingoni mwake kuna kanjia ka watu wanaokwenda kufungua na kuzibua. Utaujua kwa udongo uliotupwa upande mmoja, wa chini, na maji yanakwenda polepole bila kelele. Ufuate kuelekea maji yanakokwenda, utafika kwa watu. Hata uliokauka ufuate. Simu hiyo mnayosema itauonyesha kama mto, au isiuonyeshe kabisa.

MgumuWaKibosho:

Shikamoo mzee. Hapo umesema neno kubwa. Mifongo mingine imeachwa na vijana hawaijui tena, na ni hazina.

Mdau_Njiro:

Shikamoo mzee, wengine habarini. Mimi nauliza kuhusu kuomba msaada. Tuseme nimeshapotea, simu ina chaji asilimia 20. Naitumiaje? Na hizi simu mpya zinazopiga kwa setilaiti zinasaidia huku?

MgumuWaKibosho:

Swali zuri sana hili. Cha kwanza ni kukaa. Kila hatua baada ya kujua umepotea inaongeza eneo la kukutafuta.

Simu iweke kwenye hali ya ndegeni, ile alama ya ndege. Simu inayotafuta mnara usiopatikana inakula betri vibaya. GPS kwenye simu nyingi za sasa inaendelea kufanya kazi hapo hapo. Soma namba za lokesheni, ziandike kwenye karatasi au mkononi kwa kalamu, ndipo uwashe mtandao utume. Anza na ujumbe mfupi, maana unaweza kupenya pale ambapo sauti inakatika, tena uwe na yote kwa mara moja: mko wangapi, nani kaumia nini, namba za lokesheni, chaji iliyobaki, na kwamba hamtaondoka hapo. Kisha jaribu 112. Hata kama mtandao wako haushiki, simu inaweza kuipiga kupitia mnara wa kampuni nyingine ikiwa upo karibu.

Na namba zile msizikosee. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza ina alama ya kutoa mbele yake au herufi ya kusini. Kwa huku mlimani itakuwa kama −3.2 na 37.3. Ukiisahau ile alama ya kutoa, anayekutafuta atakuona kaskazini mwa Kenya, upande wa North Horr na jangwa la Chalbi. Itaje kwa mdomo: "kusini, tatu nukta mbili".

Kuhusu setilaiti, huduma ya dharura kwenye simu za Apple ilianza Novemba 2022 Marekani na Kanada, kisha nchi nyingine zikaongezwa moja moja. Inakubali kwenye nchi zilizoorodheshwa tu, kwa hiyo usiondoke nyumbani ukiitegemea kabla hujaangalia kama Tanzania imo. Vifaa vya kujitegemea kama Garmin inReach vinatumia setilaiti za Iridium zinazofunika dunia nzima, ila vina malipo ya usajili. Kundi linalotoka mara kwa mara linaweza kuchangia kimoja. Huku juu mlimani, Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa kambi ya Horombo, mita 3,720, na imetusaidia. Hiyo ni Horombo. Usiichukulie kwamba makorongo yote yanayo.

Binti_Soweto_Moshi:

Kuhusu kutegemea ujumbe kufika, kuna kisa cha Marekani kilinihuzunisha sana nilipokisoma. Julai 2013, jimbo la Maine, kwenye njia ya Appalachian, mama wa miaka 66 alitoka njiani kwenda kujisaidia akashindwa kuiona tena. Alimwandikia mume wake ujumbe mara kadhaa, akapanda sehemu za juu kutafuta mtandao. Hakuna uliotoka. Daftari lake linaonyesha aliishi si chini ya siku 26 akisubiri. Mabaki yake yalipatikana Oktoba 2015. Watu wengi walikuwa wanamtafuta muda wote ule.

Tangu nisome hiyo, nikitoka njiani hata kidogo naacha begi langu njiani likionekana na mwenzangu amesimama hapo.

Mchora_Ramani:

Inasikitisha sana hiyo. Na ushauri wa begi ni mzuri, ila funguo na maji toa ubaki navyo.

Kwa wanaotaka kujifunza karatasi: ramani za kiwango cha 1:50,000 zinatosha. Sentimita 2 ni kilomita 1. Ile mistari ya mwinuko ndiyo simu nyingi zinaificha, na ndiyo yenye habari yote. Ikikaribiana sana ni genge, ikiachana ni tambarare, ikichongoka kuelekea juu ya mlima hapo pana korongo. Jioni moja ya mazoezi inatosha kuanza kuisoma. Na dira ya kweli, siyo ya simu. Dira ya simu inavurugwa na kava zenye sumaku, na watu wengi wanazo bila kujua. Mshale unageuka, mwenye simu naye anageuka.

ChaliiWaSakina:

Nimesoma yote wakuu. Mzee wa Kidia shikamoo. Bado naamini simu ni msaada mkubwa na sitaiacha nyumbani, lakini hili la mstari kuchorwa na mtu aliyekaa mezani sikulijua kabisa. Nilidhani kuna wapimaji walipita.

Jumamosi ijayo tunarudi Longido, tuko sita, wanne ni mara ya kwanza. Mkuu unanishauri nini, lakini kwa mfuko wetu?

MgumuWaKibosho:

Chalii, nimefurahi sana. Simu ichukue, na mimi naichukua.

Longido ina mita 2,637 na juu kuna msitu wenye nyati, kwa hiyo hapo hata mimi siendi bila mwenyeji. Ofisi ya utalii wa kitamaduni iko pale Longido mjini. Ongea nao mapema kwa simu, uwaambie nyinyi ni Watanzania na mko sita, mgawane gharama. Yule kijana wa Kimaasai atakayewapeleka ataona kinyesi cha asubuhi na kujua kundi limepita upande gani. Programu gani itakwambia hilo?

Ondokeni Arusha alfajiri, saa kumi na moja, ili jua likianza kuwaka muwe mmeshaingia kwenye kivuli. Maji lita 3 kwa kila mtu, msidanganywe na ukungu wa juu, chini huko ni kukavu. Pakueni ramani mkiwa nyumbani, pawabanki moja kwa watu wawili, simu mbili ziwe zimezimwa kabisa ndani ya mfuko wa plastiki kwa dharura. Wale wanne wapya wapeni kazi: kila njia panda mmoja wao ageuke nyuma, awaambie wenzake ameona nini. Mkirudi yeye ndiye aongoze kipande hicho, na mwenyeji awe nyuma yake akimwangalia.

Saa ya kugeuza iwe saa saba mchana popote mtakapokuwa, hata kama kilele mnakiona. Iandike kwenye ile karatasi ya nyumbani pamoja na namba ya mwenyeji wenu, umpe mtu ambaye hatalala mpaka umempigia.